Neva za mgongo: mbona haziungi? Wasomaji wanauliza, tunajibu

Barua nyingi tulizopokea zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: ugwe wa mgongo ukishaumia, kwa nini neva zake hazioti tena? Tumechagua nane. Kwanza tuelewane kwenye maneno. Uti wa mgongo ni mifupa. Ugwe ni ule mkanda laini wa neva unaopita ndani ya mifupa hiyo, mnene kama kidole cha mwisho, wenye urefu wa sentimita 45 hivi kwa mwanamume mzima. Mtu anaweza kuvunjika uti na ugwe ukabaki salama. Anaweza pia kuumia ugwe bila mfupa hata mmoja kuvunjika. Aksoni ni uzi mrefu unaotoka kwenye seli ya neva na kupeleka ujumbe. Ugwe unapoumia, uzi huo ndio unaokatika.

Neva ya mkono iliyokatwa na kioo ikashonwa hurudisha hisia baada ya miezi kadhaa. Ya mgongoni hairudi. Kwani si neva zile zile?

Zinafanana, lakini majirani zao ni tofauti. Neva ya mkononi imezungukwa na seli za Schwann. Aksoni inapokatika, kipande kilichotengwa na seli mama hufa na kumeguka ndani ya siku chache. Hapo seli za Schwann hubadili kazi, na swichi ya mabadiliko hayo ni protini iitwayo c-Jun. Huacha kutengeneza mayelini (ile ganda ya mafuta inayofunika aksoni), hula mabaki, huita makrofaji (seli za kinga zinazokula taka) kuja kusaidia usafi, humwaga vichocheo vya ukuaji kama NGF, BDNF na GDNF, kisha hujipanga mstari mmoja nyuma ya mwingine na kuacha mfereji katikati. Aksoni mpya hutambaa ndani ya mfereji huo kiasi cha milimita moja kwa siku. Kutoka kwenye kifundo cha mkono hadi ncha ya kidole cha kati ni sentimita 18 hivi, kwa hiyo hesabu miezi sita, na wiki kadhaa za kuanza juu yake. Ndiyo maana madaktari wa upasuaji hawapendi kusubiri: msuli uliokaa bila neva kwa mwaka hadi mwaka na nusu hugeuka nyuzi na mafuta, na neva ikifika hukuta nyumba imeshabomoka.

Kwenye ugwe hakuna seli za Schwann. Mayelini ya huko hutengenezwa na oligodendrosaiti, ambazo hazina ujuzi wa kugeuka mafundi wa ukarabati, na mabaki hukaa miezi, hata miaka, bila kuzolewa. Santiago Ramón y Cajal, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1906, aliona kwa hadubini jinsi ncha za aksoni za ugwe zinavyojaribu kuota, zikavimba kama vitufe na kusimama papo hapo.

Kwa miongo mingi watu walidhani seli zenyewe zimezeeka na hazina nguvu. Mwaka 1981 Samuel David na Albert Aguayo wa Montreal walichukua kipande cha neva ya mguu wa panya wakakipachika kama daraja, upande mmoja kwenye shina la ubongo, mwingine kwenye ugwe. Aksoni za ubongo na ugwe ziliingia darajani na kutambaa sentimita 3 hivi. Zilipotoka upande wa pili na kukutana tena na ugwe, zilipenya milimita chache tu, zikakwama. Uwezo, basi, ulikuwepo. Ardhi ndiyo iliyokataa.

Kama mayelini ndiyo kizuizi, kwa nini isitengenezwe dawa ya kukizima?

Imeshatengenezwa, tena zaidi ya moja. Ili uelewe kwa nini bado haiko hospitalini, fuata mnyororo wenyewe.

Juu ya mayelini ya ugwe kuna protini tatu zinazojulikana sana kwa kuzuia: Nogo-A, MAG na OMgp. Zote tatu hushika kipokezi kimoja kilicho juu ya aksoni, kiitwacho NgR1. Kipokezi hiki hakina mkia unaoingia ndani ya seli, kwa hiyo peke yake hakiwezi kupitisha ujumbe. Hushirikiana na protini nyingine, LINGO-1 pamoja na p75 au TROY. Kundi hilo huamsha protini ya ndani ya seli iitwayo RhoA, RhoA huamsha ROCK, na ROCK hukaza nyuzi za aktini (protini inayoipa seli umbo) zilizo kwenye ncha ya aksoni. Ukiitazama ncha inayokua chini ya hadubini utaona kama kiganja kilichokunjuliwa, chenye vidole vyembamba vinavyopapasa mbele. Ikigusa Nogo-A, vidole hujikunja na kiganja hunywea, mfano wa konokono aliyeguswa pembe.

Mnyororo una sehemu mbili zilizojaribiwa zaidi. Ya juu ni Nogo-A yenyewe. Mwaka 1990 Lisa Schnell na Martin Schwab wa Zürich walionyesha kwamba kingamwili dhidi ya vizuizi vya mayelini iliwezesha nyuzi za ugwe wa panya kuota. Kazi hiyo ilizaa kingamwili ya binadamu iitwayo NG101, iliyojaribiwa Ulaya kwa watu walioumia shingo muda mfupi kabla: sindano sita ndani ya maji yanayozunguka ugwe, katika wiki nne. Lengo kuu, yaani nguvu za mikono kuzidi za waliopewa sindano isiyo na dawa, halikufikiwa. Dalili za manufaa zilionekana kwa baadhi ya wale ambao ugwe wao haukuwa umekatika wote. Sehemu ya chini ya mnyororo ni RhoA. Dawa VX-210 ilipakwa juu ya utando wa ugwe wakati wa upasuaji. Jaribio lilisimamishwa mwaka 2018 baada ya takwimu za katikati kuonyesha kwamba haielekei popote.

Dokezo lilikuwepo mapema. Mwaka 2003 maabara tatu zilichapisha matokeo ya vipanya waliozaliwa bila Nogo. Moja iliona aksoni zikiota kwa wingi, moja kwa kiasi, ya tatu haikuona kitu. Kwa maoni yetu majibu hayo matatu yana thamani kuliko lolote kati yao peke yake: ukiondoa mlinzi mmoja, wengine wapo bado langoni, na aksoni isiyo na hamu ya kukua haipiti hata lango likiwa wazi.

Kwenye picha ya MRI kuna kovu. Daktari wa upasuaji hawezi kulikata?

Hapana, na akikata ataacha jeraha jipya litakalotengeneza kovu lake. Kovu la ugwe lina tabaka. Katikati mna seli za nyuzi na makrofaji, pengine shimo lenye maji. Pembeni mna ukuta wa astrosaiti, seli saidizi zinazotunza neva. Humo hujazana proteoglikani, yaani protini zenye mikia mirefu ya sukari ya kondroitini, na aksoni ikizigusa kwa kipokezi chake PTPσ (kilichotambuliwa mwaka 2009) hunata na kusimama.

Mikia hiyo ya sukari inaweza kukatwa. Kimeng'enya kondroitinesi ABC, kinachotoka kwa bakteria Proteus vulgaris, kilifanya hivyo kwa panya mwaka 2002, na wakapata nafuu ya kutembea. Tatizo lake ni la kawaida kabisa: kwa nyuzi 37 za joto la mwili hudhoofika ndani ya siku chache, kwa hiyo hudai sindano za mara kwa mara, pampu, au jeni ya kukitengeneza humo humo.

Ila usiuchukie ukuta wa astrosaiti. Ndio unaozuia uvimbe kuenea kwenye sehemu nzima ya ugwe. Mwaka 2016 kundi la mtafiti Michael Sofroniew lilizuia vipanya wasitengeneze ukuta huo. Aksoni hazikuota vizuri zaidi. Anayekuahidi "kuondoa kovu" kwa kisu au kwa mashine, mkimbie.

Je, yuko mnyama anayeponya ugwe wake?

Wapo. Samaki pundamilia, mdogo kama kidole, ukimkata ugwe wote huogelea tena baada ya wiki sita hadi nane. Seli zake za glia (seli saidizi za neva) hunyooka na kujenga daraja badala ya ukuta, na mwaka 2016 ilionekana kwamba jeni ctgfa ni mojawapo ya zinazoanzisha ujenzi huo. Binadamu ana jeni ya aina hiyo pia. Anaitumia kwa kazi nyingine.

Nimesikia kuna jeni ikizimwa neva za panya zinaota. Ni ipi, na kwa nini haijafika kwa binadamu?

Ni PTEN. Ifikirie kama breki. Ndani ya seli kuna njia ya ishara inayoanzia kwenye vichocheo vya ukuaji, ikapita PI3K, ikaishia mTOR, msimamizi wa utengenezaji wa protini. Nyuroni, yaani seli ya neva, ikiwa changa huiacha njia hiyo wazi. Ikikomaa huifunga, na ikijeruhiwa huifunga zaidi. PTEN ndiyo inayokanyaga breki. Mwaka 2008 kundi la Zhigang He wa Boston liliifuta kwenye seli za neva ya jicho la vipanya, na aksoni zikaota. Mwaka 2010 wakafanya hivyo kwa nyuzi ndefu zitokazo kwenye gamba la ubongo hadi kwenye ugwe, ambazo ni sugu kuliko zote, nazo zikapita eneo la jeraha. Mwaka 2011 walifuta PTEN pamoja na SOCS3, breki ya njia nyingine ya ishara, na ukuaji kwenye neva ya jicho ukaendelea kwa muda mrefu kuliko kufuta moja.

Kwa nini tusikimbie nayo? Kwa sababu PTEN ni mojawapo ya jeni zinazopotea mara nyingi zaidi kwenye saratani. Breki ya seli kukua ndiyo hiyo hiyo breki ya uvimbe kukua. Watafiti sasa hujaribu kuinyamazisha kwa muda na mahali maalumu tu.

Kuna jaribio la zamani kidogo linaloeleza jambo hili vizuri kuliko PTEN. Seli ya hisia iliyo kando ya uti ina aksoni moja inayogawanyika tawi mbili: moja huenda mguuni, nyingine hupanda ndani ya ugwe. Kata tawi la ugwe peke yake: haliendi popote. Lakini kata tawi la mguuni kwanza, subiri wiki moja, kisha kata la ugwe: sasa hilo la ugwe huota kuingia kwenye jeraha. Simona Neumann na Clifford Woolf walilionyesha hilo mwaka 1999. Ardhi ni ile ile, vizuizi ni vile vile. Kilichobadilika ni seli yenyewe: jeraha la mguuni lilipandisha cAMP (kemikali inayopeleka ishara ndani ya seli) na kuwasha jeni za ukarabati kama ATF3, c-Jun na GAP-43. Kuchoma sindano ya cAMP ya kutengenezwa kwenye kituo cha seli hizo kulileta sehemu ya matokeo hayo bila kuugusa mguu.

Basi ukiishapata seli yenye hamu na njia iliyofunguka, bado umefika nusu ya safari. Aksoni hufuata vichocheo kama sisimizi wanavyofuata sukari, na wakiipata hawaondoki. Watafiti waliopandikiza seli zinazomwaga GDNF nyingi kwenye jeraha walikuta aksoni zimejazana humo, zimejisokota, na hazitoki upande wa pili. Mwaka 2018 kundi la Sofroniew na la Grégoire Courtine wa Lausanne walitumia vitu vitatu kwa pamoja: vya kuiamsha seli, vya kutengeneza ardhi, na GDNF iliyowekwa mbele ya jeraha kama chambo. Aksoni zilivuka jeraha kamili kwa wingi. Wanyama hawakutembea. Mwaka 2023 walirudi na marekebisho moja: walichagua aina mahususi ya nyuroni zinazohusika na kutembea na kuzivuta hadi kwenye kituo chake cha asili kiunoni. Hapo ndipo vipanya wenye jeraha kamili la ugwe walipopiga hatua tena. Kuvuka tu hakukutosha. Ilibidi kila uzi ufike kwa mwenyewe.

Magazeti husema "panya aliyepooza atembea" kila mwaka. Nitajuaje habari ya kweli?

Angalia kwanza jeraha lilikuwa la aina gani. Mara nyingi panya hupigwa kwa chuma na sehemu ya nyuzi hubaki nzima. Nyuzi hizo zikipata nguvu mpya, panya hutembea vizuri zaidi bila aksoni moja kuota kupita jeraha. Ni habari njema, lakini si ukuaji. Ukuaji huthibitishwa kwa kukata kabisa, kisha kuchoma rangi ya kufuatilia kwenye ubongo, kusubiri takriban wiki mbili na kuhesabu nyuzi zilizopita jeraha kwa umbali tofauti. Uzi uliobaki mzima hupita umenyooka kwenye njia yake ya kawaida. Uliota upya hupinda, hugawanyika na kupita pembeni. Rangi ikikutwa mbali sana chini ya jeraha baada ya wiki chache tu, shuku, kwani milimita moja kwa siku haifiki huko.

Halafu tazama kipimo. Panya hupimwa kwa alama za BBB, kipimo cha jinsi miguu ya nyuma inavyotembea, kutoka 0 hadi 21. Kutoka 8 hadi 10 ni hatua kubwa, maana hapo katikati ndipo mguu unapoanza kubeba uzito. Kutoka 12 hadi 13 kunaweza kuwa jicho la mpimaji tu, hasa kama alijua nani kapewa dawa. Kipimo kikali kuliko vyote ni kuukata ugwe tena juu ya jeraha la kwanza: nafuu ikipotea, ilikuwa inapita hapo. Isipopotea, ilitoka kwenye mitandao ya kiunoni yenyewe.

Na dawa ilitolewa lini? Dakika kumi baada ya jeraha si sawa na mgonjwa anayefika hospitali saa sita baadaye.

Shikamoo daktari. Mgonjwa wetu ana miezi minne tangu aumie shingo. Juzi kidole gumba cha mguu kimesogea. Neva zinaota?

Marahaba. Kwanza tofautisha kusogea kwa kuamriwa na kurusha kwa msuli. Mwambie asogeze kidole, apumzike, asogeze, apumzike, mara tatu, bila kumgusa na bila shuka kumvuta. Akitii kila mara, andika tarehe na umwonyeshe daktari, kwa kuwa amri kutoka ubongoni imefika. Kikisogea kwa kuguswa tu, ni mwitikio wa ugwe wenyewe bila amri ya ubongo.

Akitii, bado kinachotokea huenda si aksoni ndefu kuota kutoka shingoni hadi kiunoni. Miezi minne haitoshi kwa umbali huo. Nyuzi zilizosalimika hutoa matawi mapya karibu na jeraha na kuunganika na nyuroni fupi za ndani ya ugwe, ambazo hupokezana ujumbe kama watu wanaopitishana ndoo. Njia hizi za mzunguko huchujwa na kuimarika kwa matumizi, na mazoezi ya hatua huongeza BDNF kwenye ugwe wa wanyama waliopimwa. Nafuu kubwa huja miezi sita ya mwanzo, kisha hupungua kasi. Huu ndio wakati wa kufanya mazoezi mengi, yenye kurudia kitendo kile kile anachokitaka: kushika kikombe ni kushika kikombe, si kubana mpira.

Matawi mapya yana ubaya wake pia. NGF ndani ya ugwe ulioumia hufanya nyuzi za maumivu zitambae mahali pasipo pao. Kwa panya, kuizuia NGF kulipunguza kupanda ghafla kwa presha, na hili linakuhusu: mtu aliyeumia kifuani kwa pingili ya sita (T6) au juu ya hapo anaweza kupata hali hiyo. Kichwa kinagonga, uso unawaka na kutoka jasho juu ya jeraha, moyo unapiga polepole. Presha yake ya kawaida (namba ya juu) huenda ni 100, kwa hiyo 130 kwake si salama. Mketishe wima, miguu ining'inie, legeza nguo na mikanda yote. Kagua mpira wa mkojo kama umejikunja au kuziba. Kama si kibofu, mara nyingi ni haja kubwa. Tumia jeli ya ganzi kabla ya kugusa njia ya haja kubwa. Pima presha kila dakika mbili hadi tano. Ikibaki 150 au zaidi, anahitaji dawa ya hospitali mara moja.

Kuna kliniki inayotangaza seli shina, na duka linalouza vidonge vya neva. Kipi kianze?

Vidonge havihusiani na jeraha la ugwe. Vitamini B12 hutibu ugwe ulioharibika kwa kukosa B12, na hilo hupimwa kwa damu. B6 iliyomo kwenye vidonge hivyo, ikitumiwa kwa dozi ya mamia ya miligramu kwa muda mrefu, huharibu neva za hisia, yaani inaleta ganzi ile ile mnayoikimbia.

Seli shina zinafanyiwa majaribio halali, ambayo mshiriki hatozwi kwa ajili ya seli zenyewe. Za kulipia ni jambo jingine. Na seli zenyewe zina hatari yake: mwaka 2014 madaktari waliripoti mwanamke aliyeumia ugwe akiwa na miaka 18, akapandikizwa humo seli za utando wa pua miaka mitatu baada ya kuumia. Miaka minane baada ya kupandikizwa, maumivu ya mgongo yalimrudisha hospitali, na uvimbe uliotolewa ulikuwa na tishu ya pua inayotoa kamasi. Seli zilifanya zilichojua kufanya.

Kabla ya kutia saini, uliza seli zinatoka wapi na zimehakikiwaje kwamba ni za aina moja. Ni ngapi, zinachomwa wapi hasa. Jaribio limesajiliwa kwa namba gani. Nani anampima mgonjwa, na je, anajua kapewa nini. Watamfuatilia miaka mingapi. Uliza pia ni nani atakayezitoa zikiota pasipotakiwa.